Mtani Aliyeketi Kulia Kwangu

Mbagala, Dar es Salaam
2 Februari 2025

Mjomba wangu Festo,

Shikamoo. Na shikamoo nyingine ya akiba, maana ya kwanza najua utaipokea umenuna kwa vile sijaandika tangu Krismasi. Mimi mzima. Joto la huku halina adabu, lakini kikohozi kilichonishika Januari kimeniacha. Bado nauza kwenye duka la vifaa vya ofisi Kariakoo, na mwenye duka bado analikosea jina langu, nimechoka kumrekebisha. Nisalimie mkaza mjomba na mwanao Lugembe. Mwambie Lugembe viatu vyake nimevipata, amekuja navyo huyu huyu Raymundi wa treni aliyekuletea barua.

Naandika kwa mkono kwa sababu simu yako, Mjomba, ukipokea unaiweka spika, na maneno yanafika mpaka kwa Masolwa ng'ambo ya barabara. Hili sitaki Masolwa alisikie kabla ya mama yangu.

Jambo lenyewe ni kwamba nacheza karata. Usishtuke. Mchezo unaitwa poka, nilijifunza chuoni, na tunaoucheza kwenye chama chetu hatuweki hela mezani. Chama kinatafuta watu wanne wa kwenda Nairobi kuiwakilisha nchi. Mashindano ya kuwapata ni ya hatua tatu, yanaanza mwezi huu na kuisha Juni. Nimejiandikisha. Sijisifu, Mjomba, lakini mchezo huu ninauweza. Kuna wanaume wamecheza tangu mimi niko shule ya msingi, nikikaa nao nawaona wanavyohangaika.

Tatizo ni mama. Kila akipiga simu kutoka Kigwa ananikumbusha kwamba nafasi ya karani wa chama cha msingi cha wakulima hapo Goweko inaningoja, na kwamba mjini napoteza umri. Akisikia habari ya karata atapanda treni aje kunishika mkono kama mtoto. Wewe ndiye mdogo wake anayekusikiliza. Nitetee. Nataka kubaki huku nione naweza kufika wapi.

Mpwa wako,
Recheli


Goweko
23 Februari 2025

Recheli,

Mwangaluka. Shikamoo zako mbili nimezipokea, marahaba mbili hizo hapo. Sisi tuko salama kwa neema ya Mungu. Tumbaku mwaka huu imesimama vizuri, mabani mawili ya kukaushia yanawaka na la tatu nalikandika ukuta. Mkaza mjomba wako goti linamsumbua, ila mdomo hausumbuki. Viatu vya Lugembe vimembana, lakini anavivaa hivyo hivyo kanisani kwa sababu vimetoka Dar.

Sasa nikuulize: una akili timamu? Unamwandikia mzee wa kanisa barua ya karata! Na Raymundi amenikabidhi mbele ya mwinjilisti! Nimeikalia barua hiyo ibada nzima kama mtu aliyekalia siafu.

Nisikilize. Mama yako ni dada yangu mkubwa, anaongoza kwaya, tangu marehemu baba yako atutoke amekulea peke yake kwa jembe. Siwezi kumwambia mwanao anacheza karata, basi, nikanyamaza. Lazima niwe na kitu cha kumwonyesha. Kwa hiyo tufanye hivi. Ukifika hiyo hatua ya tatu, meza ya mwisho, mimi mwenyewe nitakwenda Kigwa, nitamwambia, na nitakutetea mpaka jasho linitoke. Ukitolewa kabla ya hapo unarudi nyumbani, unashika kazi ya karani, na habari ya karata tunaizika. Chama cha msingi kimekubali kungoja hadi Juni. Yuko Julieth wa Masolwa anaitaka nafasi hiyo, amesoma na ana haraka, kwa hiyo usidhani watangoja milele.

Nipe neno lako. Halafu, ili nijue ninachokikataza, nieleze mchezo huo unakwendaje. Usifupishe.

Mjomba wako,
Festo


Mbagala
16 Machi 2025

Mjomba,

Shikamoo. Pole ya goti la mkaza mjomba, namtumia dawa ya kuchua, apake usiku. Hapa mvua zimeanza, barabara yetu imekuwa bwawa, tunavuka kwa mawe.

Neno langu ndilo hili: nimekubali. Nisipofika meza ya mwisho narudi. Na ujue tayari nimepita hatua ya kwanza, bila hata kutoka jasho.

Umeniuliza mchezo unakwendaje. Kila mtu anapewa karata mbili za siri, halafu zinafunuliwa tano katikati ambazo ni za wote. Unatafuta mchanganyiko mkubwa. Hilo analijua kila mtu, halimpi mtu ushindi. Wanaoshinda wanajua mambo mawili tu: mtaji na kiti.

Mtaji ni vile vidude vya plastiki, chipu. Havinunui hata fungu la mchicha, lakini wote tunaanza navyo sawa na vikiisha unatoka. Kila mzunguko watu wawili wanalazimishwa kuweka kabla hata hawajaona karata, na lazima hiyo inapanda kadiri saa zinavyokwenda. Kwa hiyo mwenye mtaji mkubwa anaweza kutega, kutania, kungojea. Mwenye wa kati anatakiwa kuchagua ugomvi. Mwenye mdogo hana muda, akiona karata ya maana anaweka zote, ama apone ama aende nyumbani.

Kiti nacho ni hivi. Tunasema kwa zamu, kuzunguka kwenda kushoto. Anayesema kwanza anasema gizani. Anayesema mwisho ameshawasikia wote: nani kaogopa, nani kapandisha dau. Karata ile ile ninayoitupa nikiwa wa kwanza kusema, nikiwa wa mwisho naipigania. Na zamu ya mwisho inahama, leo yako, kesho ya jirani, kwa hiyo mtu mwenye akili anajua lini anyamaze na lini apige.

Hata sisi tulipocheza karata kwenye banda la kuchambulia tumbaku, zile siku za mvua, ulikuwa unapenda kukaa pale pembeni ya mlango na kusema wa mwisho. Nilikuwa mdogo, lakini nilikuona.

Hatua ya pili inaanza mwisho wa Aprili. Niombee, mzee wa kanisa.

Recheli


Goweko
6 Aprili 2025

Mpwa wangu,

Marahaba. Dawa imefika, goti limenyamaza kidogo. Bani la tatu limekamilika. Mama yako alipita Jumapili na wanakwaya wake, akala, akaimba, akauliza kama nimepata barua yako. Nikamwambia unasema joto ni kali. Ni kweli ulisema.

Pale mlangoni nilikuwa nakaa kwa ajili ya hewa. Tuliache hilo.

Nimeujaribu mchezo na Masolwa, kwa maharage, ili nijue madhara yake. Masolwa hajui kwa nini nauliza na hana haja ya kujua. Alinifilisi mara tatu, lakini yeye ana bahati ya kijinga. Mimi nimekwisha kuuelewa. Sasa nikupe ushauri wa mtu mzima.

Kwanza, mtaji ukipungua, tulia. Mwenye kidogo hukaa kimya akatunza alichonacho. Usikurupuke kuweka zote, hiyo ni pupa. Mkulima aliyebakiwa na mbegu kiganjani haimwagi yote shambani siku moja. Pili, hata kama mko mezani, usisahau ulikotoka. Ukikaa na watu wazima, salimia, jishushe, wape nafasi yao. Heshima haijawahi kumfilisi mtu.

Ukizingatia hayo mawili, hiyo meza ya mwisho utaikalia. Hapo sina shaka hata chembe.

Wako,
Mjomba Festo


Mbagala
28 Aprili 2025

Mjomba,

Shikamoo, ingawa leo nimeiandika huku nimekunja uso. Hatujambo. Mkaza mjomba apunguze kuchota maji, goti halitaki ndoo.

Nimefuata ushauri wako wote. Nimenusurika kufa.

Tulianza Jumamosi kwenye ukumbi Kinondoni, watu wanane meza moja. Kulia kwangu akaketi Mzee Pazi, karani mstaafu wa bandari, kofia nyeupe, meno machache, mtaji mkubwa kuliko wa wote. Kwa mchezo wetu hiyo ni zawadi! Mtu anayepandisha kwa karata yoyote akikaa kulia kwako, anasema kabla yako karibu kila mara. Unamsikia kwanza, halafu unamkamata. Mtu angenipa kiti hicho kwenye ndoto ningeamka nacheka.

Kosa langu nilipofika nilimsalimia. "Shikamoo babu." "Marahaba mwanangu, hujambo, unatoka wapi na uso mzuri huo?" Basi, nikawa mjukuu wake. Akipandisha, ananigeukia taratibu, "Mwanangu, utanifuata kweli?" Na mimi mkono unakuwa mzito, naona haya, natupa karata. Mjomba, nilitupa kingi mbili! Kingi mbili mkononi, na mzee kapandisha, nikatupa! Akafunua za kwake: saba na mbili, takataka tupu. Meza nzima ikacheka.

Mtaji ulipopungua nikakumbuka tena ushauri wako, nikatulia kimya. Zile chipu za lazima zikanila kidogo kidogo, sikupigana na mtu na bado nikawa nakwisha. Kilichoniokoa ni saa. Tulisimamishwa, kila mtu akafunga chipu zake kwenye mfuko wenye jina lake, na tunaendelea tarehe 24 Mei, viti vile vile. Kati ya wote waliobaki, mwenye mtaji mdogo kabisa ni mimi. Tuko meza mbili, na wanane ndio watakaopita kwenda meza ya mwisho.

Nimekaa nikajiuliza kwa nini siwezi kumla mtu mzima. Si tabia yangu, dukani nabishana na wazee wenye mvi mpaka wanachoka. Ni karata tu. Na ndipo nikakumbuka sheria ya kule bandani: mkubwa haliwi. Ukipandisha wewe, sisi watoto wote tulitakiwa kutupa, na tukicheka unasema ndiyo desturi ya karata. Punje zote za mahindi zilikuwa zinaishia kwako. Nimewauliza watu hapa, Wahaya, Wachaga, Wamakonde, na hata Msukuma mmoja wa Shinyanga. Hakuna anayeijua desturi hiyo.

Mjomba, ile sheria ilitoka wapi?

Recheli


Goweko
11 Mei 2025

Recheli,

Mwangaluka mwanangu. Barua yako imechelewa sana, maji yalikuwa yamefunika reli na Raymundi alikwama njiani. Hii nayo sijui itakufikia lini, kwa hiyo naandika mbiombio. Sote wazima. Tunachambua tumbaku sasa, mikono imekuwa myeusi, Lugembe anasoma.

Kuhusu swali lako la mwisho, mvua mwaka huu zilikuwa nzito kwa kweli, hata wazee hawazikumbuki za namna hii.

Twende kwenye la maana. Huyo mzee umesema anaitwa Pazi. Pazi! Na wewe ukampa shikamoo ukanyamaza? Mtoto wa Mnyamwezi! Hilo ni jina la Wazaramo, mwanangu, na Mzaramo ni mtani wako! Wazee wetu walikuwa wakipanda na kushuka na mizigo kichwani toka hapa hadi Pwani, hii reli yenyewe imefuata nyayo zao. Kufika Uzaramo wamechoka, wana njaa, wanalala kwa watu, wanazikana, wanagombana, wanapatana. Utani ulizaliwa hapo. Mtani hapewi heshima ya kunyenyekewa, anapewa matusi ya kicheko. Msiba ukitokea kwake unamnyang'anya jembe na kigoda na hakasiriki, akikasirika ni yeye mwenye aibu. Umri hauingii hapo. Babu yangu mimi alimvua mtani wake kofia sokoni, mzee mwenzake wa mvi, na wakala pamoja.

Kwa hiyo rudi ukamsalimie upya. Muulize ni Mzaramo wa wapi. Akikubali, shikamoo ile imefutika, na kile kitakachobaki mbele yake ni chipu za mtani. Zichukue. Yeye mwenyewe atakushangaa usipozichukua.

Na kuhusu mtaji mdogo: sahau habari ya kutulia. Nimejaribu na Masolwa. Nilibakiwa na maharage kumi nikakaa kimya, yakaisha bila mtu hata kunigusa. Siku ya pili nikayaweka yote nikiwa na ree, wakati bado yanatosha kumtia mtu wasiwasi. Masolwa akatupa. Ukingoja mpaka ubakiwe na mawili hakuna atakayekuogopa. Piga ungali na uwezo wa kuumiza.

Utafika meza ya mwisho. Nimesema.

Mjomba Festo


Mbagala
25 Mei 2025

Mjomba, Mjomba, Mjomba!

Shikamoo! Salamu nyingine zote zitakuja chini, leo siwezi kungoja. Barua yako Raymundi aliniletea jana asubuhi, natafuna chapati ya mwisho kabla ya kwenda ukumbini. Nimeisoma nikiwa nimesimama.

Nikafika, nikamkuta mzee ameshaketi. Sikutoa shikamoo. Nikamwambia, "Wewe babu, ni Mzaramo wa wapi?" Akainua macho. "Wa Kisarawe. Kwa nini?" Nikamwambia, "Mimi Mnyamwezi wa Kigwa. Siku ile umekula mtaji wangu kwa shikamoo, leo nimekuja kuchukua na riba."

Lo! Yule mzee alipiga meza mpaka chipu zikaanguka. "Kumbe ni Mnyamwezi! Na nilikuwa nakuonea huruma! Babu zenu walipita kwetu na mizigo kichwani, wakala mihogo yetu, wakaondoka hawajaaga!" Nikamwambia, "Wangemuaga nani? Nyie mlikuwa mmelala, mnangoja ngoma ya jioni." Akacheka akatoa leso. Msimamizi akatuuliza kama kuna ugomvi. Mzee akamwambia, "Tuache, huyu mtumwa wangu."

Basi mkono ukawa mwepesi. Mara ya kwanza alipopandisha, mimi nina ree na tisa, nikaweka zote. Akanitazama, hakuna tena mambo ya mwanangu utanifuata. "Mnyamwezi huna kitu wewe!" Akafuata na kwini na jeki. Zilizofunuliwa hazikumsaidia, ree ikasimama, mtaji wangu ukazaa. Baadaye kidogo nikamkamata tena, akiwa na takataka zake.

Kuanzia hapo nilicheza nilivyojua, Mjomba. Nikiwa na zamu ya mwisho nawapiga wale wenye mitaji ya kati, kwa sababu hao ndio waoga kuliko wote. Mwenye kidogo hana cha kupoteza, mwenye mtaji mkubwa hajali, wa kati anaona meza ya mwisho ile pale na hataki kufa mlangoni. Nikipandisha, wanatupa. Nikiwa wa kwanza kusema, natulia kama sipo. Jioni tulibaki wanane.

Nimefika meza ya mwisho! Nililia chooni, nikanawa, nikarudi kupeana mikono. Fainali ni tarehe 21 Juni. Mzee Pazi naye amefika.

Sasa zamu yako. Kigwa si mbali.

Recheli

Mkaza mjomba shikamoo, Lugembe hongera ya masomo. Hizo ndizo salamu.


Goweko
15 Juni 2025

Mpwa wangu,

Marahaba, na hongera. Nilipoisoma barua yako niliruka, mkaza mjomba wako akadhani nimeng'atwa na nyoka. Ikabidi nimwambie yote. Alicheka, halafu akaniambia nisimtume yeye Kigwa.

Nimekwenda mwenyewe, kama nilivyoahidi. Nilimkuta mama yako ametoka kwenye mazoezi ya kwaya, anapepeta mchele. Nilikuwa nimepanga nimwache aseme yeye kwanza, mimi niseme wa mwisho kama unavyofundisha. Lakini dada yangu nimekua chini yake, anajua kunyamaza kuliko mimi. Alipepeta, akapepeta, mpaka mimi mwenyewe nikaropoka. Nikamweleza poka, hakuna hela, Nairobi, watu wanane, mtani, kila kitu. Nikamwambia mtoto ana kipaji na ana moyo, na kumrudisha kuandika vipimo vya tumbaku ni kumfunga ng'ombe kwenye uzi. Nilisema vizuri, Recheli. Nilisema kuliko ninavyosema kanisani.

Unajua alijibu nini? Aliniuliza tu fainali ni lini, na ukumbi uko wapi. Akaingia ndani, akanifungia mchele wa kumpelekea mke wangu, akaniambia nende salama.

Juzi nikamwona hapa Goweko, amevaa kitenge cha safari, anatoka upande wa ofisi za chama cha msingi. Nikamwita, akanipungia mkono, akapita. Nadhani amekwenda kuwaahidi kwamba unakuja. Na leo Raymundi ananiambia mama yako ameshakata tiketi ya Dar.

Sijui anakuja kufanya nini. Ninayoyajua nimekwambia yote. Ila wewe cheza. Akija kukushika mkono, akukute umeketi kwenye meza uliyoifikia mwenyewe.

Mjomba Festo


Mbagala
29 Juni 2025

Mjomba,

Shikamoo. Huku baridi ya Juni imetushika kidogo, nimeanza kujifunika shuka. Mkaza mjomba nimsikie anaendeleaje. Mambo ni mengi, kaa chini.

Barua yako na mama walishuka behewa moja. Raymundi alinipa bahasha kwa mkono wa kushoto, kwa wa kulia anamteremshia mama gunia la viazi. Mama alinikumbatia, akasema nimekonda, hakusema lingine. Nyumbani kwangu alipika, akafua mapazia, akaimba. Sikuthubutu kuuliza. Jumamosi asubuhi akavaa kitenge chake, akachukua kitabu chake cha nyimbo, akaniambia twende.

Akaketi mstari wa mbele wa viti vya watazamaji, wima kama yuko kwaya. Bahati yangu mbaya, safari hii Mzee Pazi alipangwa kushoto kwangu. Maana yake sasa nasema mimi kwanza, yeye ananisikia halafu anaamua. Kila kilichokuwa changu kikawa chake, na mtaji wake mkubwa. Kwa hiyo nilibadilika. Nilitupa karata nyingi ambazo Mei ningezipigania. Watu wakadhani naogopa. Nilikuwa nangoja. Wakatoka watatu, mmoja mmoja, tukabaki watano, na wanne ndio wa Nairobi.

Mtaji wangu ulikuwa wa nne. Mmoja alikuwa na mdogo zaidi, karibu anakwisha. Ningeweza kujikunyata nikangoja afe yeye. Nikapewa kingi mbili. Zile nilishazitupa mara moja, Mjomba. Nikaweka zote. Mzee Pazi akahesabu zake kwa macho, akasema, "Mtani, hunitishi," akafuata na ree na kumi. Zikafunuliwa nne, niko mbele. Ya tano ikatoka ree ya kopa, akawa na ree mbili, zikazila kingi zangu.

Nikatolewa wa tano. Mzee akasimama, akanishika bega, akasema, "Mnyamwezi, safari hii mzigo nitaubeba mimi mpaka Nairobi." Nikacheka machozi yananitoka. Waliumia wengine zaidi yangu, nakwambia kweli. Nilikuwa nimecheza vizuri na nilijua hivyo.

Nikaenda kwa mama. Akaniuliza, "Ulikosea wapi?" Nikamwambia, "Sikukosea, mama. Nilikuwa mbele mpaka karata ya mwisho." Akanitazama sana. Akasema, "Mwaka ule wa mvua ya mawe na mimi nilikuwa nimepalilia vizuri." Akafungua mkoba akanipa kiazi cha kuchoma. Tukala pale pale, akaniuliza maswali njia nzima ya kurudi: kwa nini ulitupa zile karata za mwanzo, kwa nini yule kijana wa miwani alikuwa anakuogopa. Aliona kila kitu, Mjomba. Na alisema wewe kule bandani ulikuwa unawala watoto wote, na kwamba alikuwa anajua.

Lakini la kurudi au kubaki hakulisema. Siku nne zikapita. Nilikuwa nimejiandaa kumbishia, nimepanga na maneno. Alhamisi nikamsindikiza stesheni. Ameshaketi dirishani, treni inapiga honi, nikashindwa kuvumilia. Nikasema, "Mama, sirudi. Mwakani kuna mashindano mengine na nitayashinda. Ile nafasi ya karani—"

"Ile anayo Julieth wa Masolwa," akasema.

"Tangu lini?"

"Tangu nilipokwenda kuwaambia wampe. Kabla sijakata tiketi."

"Kabla hujaniona nikicheza?"

Akafunga mtandio wake vizuri, maana treni ilikuwa imeanza kusogea, ikabidi nitembee pembeni ya dirisha. "Wewe mwanangu," akasema, "kwani lazima nikuone ndipo nikuamini?"

Mpwa wako,
Recheli